Kesi Iliyokwisha Kuliwa

Likasi, Jumapili, tarehe 5 Juni 1983. Baridi, na moshi mwingi.

Leo nitasema yote. Jumapili nyingine nimekuwa nikiandika yale mazuri na kuyaruka mengine, lakini ukurasa wa leo si wangu peke yangu. Kwa hiyo sitaficha kitu, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kiangazi kimeshika, ambacho huku kwetu ndicho majira ya baridi. Tangu asubuhi upepo unatoka upande wa kiwanda, na moshi umelala juu ya mapaa ya kambi ya wafanyakazi kana kwamba umechoka kupanda. Mama ameanika nguo ndani. Mimi nimekaa jikoni kwa sababu makaa bado yana moto na vidole vyangu vinahitaji joto ili viandike vizuri.

Yaya Luz. Huku kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na sioni jina lingine la kukuita. Wewe hunijui. Mimi ni Chola, mwanafunzi wa mwaka wa sita, yaani wa mwisho, katika lycée, sekondari ya masista, ambako dada yako Sista Remedios, sisi tunamwita Masœur, anatufundisha Kiingereza. Kwa miaka mitatu nimekuandikia shajara hii bila wewe kujua. Masœur alituambia kwamba mtu huandika vizuri zaidi akiwa na mtu mmoja machoni. Wenzangu wengine walimchagua Bikira Maria. Rafiki yangu Ngalula alimchagua mchumba ambaye hajampata bado. Mimi nilikuchagua wewe kwa sababu moja tu: ulikuwa unasoma sheria.

Leo, kwa mara ya kwanza, ukurasa utakufikia kweli. Masœur ataugeuza katika lugha yenu, na kesho gari la masista linakwenda Lubumbashi, kwenye posta ya ndege.

Nakumbuka Alhamisi za mvua. Alhamisi mchana hatukuwa na masomo, na sisi tuliopenda tulikwenda kwenye chumba cha kushonea, nyuma ya kapela, kutengeneza nguo za altare. Mvua ilipiga mabati hata Masœur akalazimika kupaza sauti, na hakuna habari aliyoipazia sauti kwa furaha kama habari zako. Chumba kilinuka sabuni na mafuta ya cherehani. Nikifumba macho sasa hivi naisikia harufu ile, na sijui kama nitaisikia tena, maana mwezi ujao Masœur anakuja kwenu likizo na hajui kama atarudishwa hapa au atapelekwa kwingine.

Alituambia kwamba kwenu Ufilipino mtu haingii sheria moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza anapata shahada nyingine, miaka minne, na wewe ulichukua biashara kwa sababu mama yenu ana duka. Ndipo inakuja sheria yenyewe, miaka mingine minne, nawe uliisoma jioni baada ya kutoka kazini. Alituambia namna walimu wenu wanavyofundisha. Hawasomi kutoka kitabuni. Wanaita jina. Mwenye jina anasimama na kueleza kesi aliyoisoma: nani alimshtaki nani, jaji alisema nini, na kwa nini. Kisha mwalimu anauliza, na anauliza tena, mpaka mtu hana mahali pa kujificha. Uliandika katika barua moja kwamba magoti yako yalijifunza sheria kabla ya kichwa.

Tuliucheza mchezo huo. Ngalula alikuwa mwalimu, na aliniita citoyenne, yaani raia, kama tunavyoitana Zaire.

"Citoyenne Luz, simama."

Nasimama na sindano mkononi, naeleza kesi ya bata aliyeingia bustani ya jirani na kula mchicha.

"Bata aliingia juu ya nini?"

"Alikuwa na njaa."

"Njaa iko mu sheria?"

"Iko mu bata."

Masœur alicheka mpaka akakosa tundu la sindano. Kisha akatulia na kusema kwa Kiswahili chake cha polepole, alichojifunza misioni ya Kapolowe, kwamba swali la Ngalula si la mchezo, na kwamba wapo majaji wazee ambao bado hawajalijibu.

Baada ya miaka yote hiyo ukabaki mtihani wa mawakili, Jumapili nne mfululizo. Jumapili hizo Masœur hakunywa chai asubuhi. Alisema kwamba dada yake naye hawezi kumeza kitu, basi watashinda na njaa pamoja, mmoja huku na mwingine huko.

Mimi nilisikiliza yote haya kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwao. Hapo ndipo nilipopotea, lakini nitafika huko.

Hamu ya sheria haikuanza na wewe, nisikudanganye. Ilianza na Kambo. Kambo ni nyanya yangu, mama yake Mama, na anaishi nasi hapa kambini. Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana, kwa hiyo ananiita mke mwenza wake, eti tunamgombania babu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo Kambo alikwenda kwenye tribinali ya zone, mahakama ya wilaya yetu, kama watu wengine wanavyokwenda sinema. Hakukuwa na kiingilio. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akatia karanga za kuchemsha kwenye kikapu, akanishika mkono, tukaketi benchi la nyuma kabisa. Kabla jaji hajafungua mdomo, Kambo alikuwa amekwisha kukata kesi.

"Ule atashindwa," ananinong'oneza.

"Juu ya nini, Kambo?"

"Tangu aingie anaangalia viatu yake. Muntu mwenye alilipa mbuzi haangalie viatu."

Mara nyingi alikosea. Hapo alimtukana jaji njia nzima mpaka nyumbani, na mimi nilikula karanga zilizobaki na kumtetea jaji, kwa sababu ilinipendeza kumwona Kambo akikasirika na kubuni hoja mpya kila baada ya nyumba mbili. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu ya kwanza. Sikuwahi kuwa na siku nzuri kuliko zile.

Siku moja aliitwa mwanamke aliyekuja na kaka yake. Kaka alimsemea. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, mwenye sauti. Mwanamke alisimama nyuma yake, na kila kaka alipoeleza jambo, alimvuta shati kidogo, kama anayemwambia si hivyo. Kaka hakugeuka. Jaji hakuona. Wakashinda. Walipopita mbele ya benchi letu wakitoka, mwanamke alikuwa analia, na hakikuwa kilio cha furaha.

Njiani nilimuuliza Kambo yule mama alitaka kusema nini.

"Nani anajua," Kambo akasema. "Hakuna muntu alimuuliza."

Siku hiyo hakumtukana jaji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baada ya Pasaka barua yenu ilifika. Masœur aliingia darasani bila kutusalimu, akaandika jina lako ubaoni, na mbele yake akaandika Maître, kama wanavyoitwa mawakili huku kwetu. Akageuka na kututazama. Alisema umepita, umeapa, umetundika kibao chenye jina lako mlangoni. Darasa zima lilipiga makofi kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimekaza mikono juu ya dawati, kwa sababu nilijua siku hiyo hiyo lazima niombe na mimi.

Nilimwomba Kambo apeleke maneno yangu.

Lazima nikueleze desturi. Katika ukoo wa Mama, watu wa Kapolowe, jambo la mtoto haliamuliwi na baba peke yake. Mjomba lazima aje. Na mwenye jambo hasemi. Anatafuta msemaji, na yeye anakaa karibu na mlango, kimya. Wakipatana, kuku anachinjwa, bukari, ugali wetu, inasongwa, na wote wanakula katika sahani moja, pamoja na yule aliyekuwa kimya mlangoni. Tangu hapo tunasema kesi imeliwa. Haiguswi tena.

Mjomba Mumba, kaka mkubwa wa Mama, alikuja na lori la mihogo. Ni mkulima, mtu mrefu, anayeongea kidogo hata watoto wanadhani amekasirika. Kambo alizungumza vizuri sana, na alisema neno kwa neno kama nilivyomfundisha, kwa lugha ya kambi, ambamo wakili ni avoka, sheria ni droit, na ndiyo ni njo.

"Mwana anataka kuwa avoka. Lakini hatakimbia. Kwanza atasoma kitu ingine, miaka kidogo, kisha njo ataingia mu droit. Njo vile bantu ba akili banafanya."

Nilimwona Baba anakunjua uso. Baba anafanya kazi kwenye mabirika makubwa ya asidi kiwandani, wanakong'oa mabamba ya shaba, na suruali zake zote za kazi zina vitundu vya asidi. Si mtu wa kucheka ovyo.

"Kitu ingine, ile iko muzuri," akasema. "Asome ualimu hapa Lubumbashi. Atalala kwa ba masœur. Ya droit tutaona kisha."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Mama akaenda kuchinja. Nilipewa bawa, nikalila mpaka mfupa, kwa furaha, kwa sababu nilifikiri nimekwisha kuingia kwenye njia yako.

Wiki sita nilitembea hivyo, na moyo mwepesi. Nilisoma kwa ajili ya mtihani wa Serikali huku nikiimba.

Kisha, Jumatatu ya wiki iliyopita, Mama Prefe, mkuu wa lycée yetu, alikuja kutueleza kila mmoja chaguo lake linampeleka wapi. Masœur alikuwa nyuma ya darasa, anasahihisha.

"Chola. Ualimu, Lubumbashi," akasema Mama Prefe. "Si ni weye mwenye unasema droit tangu mwaka wa pili?"

"Ni mimi, Mama Prefe. Droit itafuata. Kwanza nipate shahada ya kwanza."

"Ya kwanza ya nini?"

"Ya kuingilia sheria."

Akavua miwani. "Mwanangu, hiyo uliitoa wapi?"

Akaeleza mbele ya wote. Kwetu Zaire, mwenye diploma ya Serikali anaweza kuingia sheria akitoka tu sekondari. Anasoma miaka mitatu na kupata graduat, kisha miwili na kupata licence. Halafu anakaa kwa wakili mzee kujifunza kazi mpaka akubaliwe kuapa na kusimama peke yake. Hakuna shahada ya kuingilia. Anayemaliza ualimu kisha akataka sheria anaanza upya, mwaka wa kwanza, na kwa kawaida hata hapo hafiki, maana mwalimu anatakiwa shuleni na hakuna anayemwachia. Jambo moja tu: sheria inasomwa Kinshasa, si Lubumbashi.

Mama Prefe akavaa miwani tena. Kisha Ngalula, ambaye ananipenda, akasema polepole, "Maskini, alikuwa anasoma kwa ba Filipino," na wote wakaanguka kwa kicheko.

Masœur hakucheka. Nilipokwenda kunawa uso bombani, alinifuata na kusimama karibu, bado na kalamu nyekundu mkononi.

"Chola," akasema, "nilikueleza njia ya Luz vizuri sana. Sikukueleza kwamba ni ya Luz."

Nilimwambia si kitu. Haikuwa kweli. Nilimkasirikia. Hata wewe nilikukasirikia, Yaya, siku mbili nzima, wewe na biashara yako na Jumapili zako nne. Nilikuwa nimejua njia ya nchi ambayo sitaiona kamwe, kila kona yake, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote hapa Likasi kama ndiyo yetu. Ningemuuliza nani? Hata hivyo, ningeuliza.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Kambo. Alikuwa anachagua maharage.

"Kambo, kesi ikisha kulwa inaweza kurudi?"

Hakuinua macho. "Inaweza kutoka mu tumbo. Lakini inaumiza."

Akanieleza. Anayetaka kuirudisha kesi lazima awe mmoja wa waliokula. Alete kuku wake mwenyewe, mweusi. Na asiwe na msemaji. Atasimama katikati na kusema kwa kinywa chake, kwa sababu aliyekula hawezi tena kusingizia ulimi wa mwingine. Wakimkatalia, imekwisha kabisa, hatauliza tena katika maisha yake.

"Uliona muntu alifanya vile?"

"Moya. Kaka yangu, juu ya shamba."

"Walimujibu nini?"

"Walimukatalia," akasema Kambo. "Lakini alisema muzuri sana. Mpaka leo naisikia."

Kuku mweusi nilimpata kwa Mama Zaituni, jirani yetu, ambaye mume wake ni dereva na wametoka mashariki. Nilimpa kitambaa cha meza nilichodarizi mwaka mzima kwenye chumba cha kushonea. Alipojua kuku ni wa nini alirudi bandani, akabadilisha, akaniletea mnene zaidi.

Na leo, baada ya misa, wamekutana.

Baba alivaa abacost, suti yake ya sherehe isiyo na tai, na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mjomba alikaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Mama na Kambo walikaa mkekani. Nikaweka kuku sakafuni, miguu imefungwa, nikasimama katikati ya chumba ambacho nimefagia kila siku tangu nilipoweza kushika ufagio, nikaona kwamba sikijui.

Nilikuwa nimejiandaa kama kwa dissertation, insha ya shule. "Kwanza," nikasema, "ninapenda kuwashukuru wazazi na wazee waliokubali kukutana. Pili, ningependa kueleza hali ya masomo ya juu katika nchi yetu..."

"Tatu njo tunalala," Kambo akasema.

Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Nikayaacha yote niliyoyapanga.

"Nilikosea njia," nikasema. "Sikumudanganya muntu. Nilichukua njia ya inchi ingine, nikaamini ni ya kwetu, na niliwafundisha ninyi wote vile. Nikienda ualimu sitafika. Ninaomba niende Kinshasa, moja kwa moja. Ni miaka tano. Njo ile tu."

Hotuba yangu ya kwanza, Yaya, na iliishia hapo. Wewe ungenifanya nisimame dakika ishirini.

Baba akanena bila kunitazama, anamtazama kuku.

"Minye nilikula ile kuku ya kwanza na roho safi. Leo unaniambia niitapike." Akamsogeza kuku kidogo kwa ncha ya kiatu. "Lubumbashi, ukigonjwa, asubuhi napanda lori, saa sita niko pa kitanda yako. Kinshasa ni treni mpaka Ilebo, kisha ni mashua. Ukigonjwa kule, minye niko hapa na mabamba ya shaba. Nitafanya nini?"

Nilikuwa nimepanga majibu ya kila kitu. Nilidhani atasema msichana hafai, au ndoa, au aibu ya kurudisha kesi mbele ya shemeji yake. Sikuwahi kufikiri kwamba Baba anaogopa.

"Sina jibu ya ile, Baba," nikasema.

Kambo akafumba macho. Nilijua maana yake: ameona nimeshindwa, kama zamani kwenye benchi la nyuma. Ndipo Mama, ambaye katika vikao vyote viwili hakuwa amesema neno, akazungumza akiwa anautazama mkeka.

"Minye nilitoka Kapolowe kuja huku, nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwa mwanaume mwenye sikumujua. Hakuna muntu aliuliza kama nitagonjwa."

Baba alimgeukia. Hawakuzozana. Walitazamana tu, na nikaona kwamba hilo Mama alikuwa hajawahi kumwambia, na kwamba Baba alikuwa ndiye yule mwanaume. Nikatamani nitoke, lakini mwenye kesi hatoki.

Mjomba aligeuza kiti chake kunielekea. Kisha akasema jina langu.

"Chola. Miaka tano?"

"Tano, Mujomba. Na kisha kujifunza kazi kwa avoka mukubwa."

"Bon. Umesha kusoma. Uko na biro yako, nyumba ya kazi. Minye niko na maneno na jirani juu ya mupaka ya shamba. Kuko avoka mwanaume hapa, kuko weye pale. Uliona, hata mara moya, muntu anapeleka maneno yake kwa mwanamuke?"

Nilipitisha machoni tribinali nzima ya utoto wangu. Jaji, karani, askari wa mlangoni, mawakili waliokuja toka Lubumbashi na mikoba yao. Nilitafuta kwa uaminifu.

"Hapana," nikasema. "Hata mara moya."

Mjomba akaniashiria niendelee.

"Kuko moya tu mwenye najua jina yake," nikaendelea. "Ni dada ya Masœur wetu, kwao mbali. Aliapa mwaka huu. Alitundika kibao ku mulango. Lakini Mujomba, kibao njo najua. Sijui kama muntu alishagonga ule mulango."

Ningeweza kusema wanapanga foleni kwako. Hakuna ambaye angejua. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Sijui ni nini kilichoyazuia. Sidhani ni utakatifu. Nafikiri nilichoka kuwaambia watu habari zako kama vile ni zangu.

Mjomba alisimama, na nikadhani imekwisha. Alikuwa anafungua dirisha tu, kwa sababu ya moshi wa jikoni.

"Umuulize," akasema. "Kama bantu banakuja kwake, utaenda Kinshasa, na minye mwenyewe nitakusindikiza mpaka ku treni. Kama habakuje, utafundisha bana, na hakuna mubaya mu ile. Lakini kusoma miaka tano juu ya kuketi peke yako mu biro na kuangalia mulango, ile nitakatala, hata dada yangu alie."

Akamtazama Baba. Baba alifungua kifungo cha juu cha abacost.

"Tungoje jibu," akasema Baba. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, kama anazungumza na kuku, "Ilebo kuko simu?"

Hakuna aliyejua.

"Na kuku?" akauliza Kambo.

"Akae," Mjomba akajibu.

Kwa hiyo hajachinjwa wala hajaachiliwa. Yuko chini ya meza hii ninayoandikia, na ameanza kunizoea. Kambo anasema jibu likichelewa atataga, na kesi yetu itakuwa na wajukuu.

Mjomba ameondoka na lori la jioni. Baba amevua nguo ya sherehe na kukaa nje peke yake. Nilimpelekea maji ya kunywa, akanishika mkono kidogo, kisha akauachia. Mama anaimba ndani, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi.

Nimejaribu kujiuliza kama nina huzuni. Ninayo, lakini si ile niliyoitegemea. Ninaukumbuka mwaka wa tatu kana kwamba ulikuwa zamani sana, na mimi nimezeeka. Wakati ule njia ilikuwa ndefu mno, miaka minne na miaka minne na Jumapili nne, na kwa sababu ilikuwa ndefu haikunidai kitu. Ningeweza kushona na kucheka. Sasa imekuwa fupi, iko mbele ya mlango, na nina hofu nayo. Labda ndiyo maana sikuwahi kumuuliza mtu. Hilo nimelijua sasa hivi, nikiandika. Niliahidi kusema yote, basi na hilo nimelisema.

Mama Prefe amekubali kuacha mahali pangu wazi mpaka mwisho wa Julai. Masœur anasema barua ikienda vizuri inafika kwenu, na jibu linarudi, kabla ya siku hiyo, kama hutalilaza.

Tafadhali usililaze. Na usiandike ili kunifurahisha. Jibu lako litasomwa hapa sebuleni mbele ya Mjomba, na nimewaahidi wote kwamba sitageuza neno. Kama ni hapana, andika hapana, nami nitafundisha watoto, na nitajaribu kuwafundisha vizuri. Usinieleze mtihani, wala shahada. Hayo nayajua kuliko wewe. Nataka lile moja tu ambalo Masœur hakutuambia, na unijibu kwa ndege ile ile itakayorudi.

Yaya Luz, tangu utundike kibao chako, ni nani aliyegonga mlango kwanza, na alikuja kukuambia nini?